Barua kwa mwanangu kabla hajaezeka

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Salamu zako zimefika na picha za kiwanja nimeziona. Huku Mlingotini sote wazima, alhamdulillahi, na bibi yako anakusalimu sana.

Nakuandikia kwa sababu ya neno ulilolitaja kwenye simu kwa wepesi: kwamba fundi amekwambia Bagamoyo kimbunga hakifiki, kwa hiyo usitie gharama kubwa kwenye paa. Neno hilo wanalisema wengi, tena watu wazima wenye busara zao. Si kweli, na nyumba nyingi za pwani zimejengwa kwa kuliamini.

Kilifika tarehe 15 Aprili 1872. Mji wa Unguja uliharibiwa vibaya, majahazi na meli zilizokuwa bandarini zikazama au zikatupwa pwani, na Sultani Barghash, ambaye alikuwa hajamaliza hata miaka miwili kwenye kiti, akapoteza meli zake. Karibu theluthi mbili ya mikarafuu ya Unguja iling'oka. Pemba ilipona kwa kiasi kikubwa, ndiyo maana mpaka leo karafuu ni ya Pemba zaidi kuliko Unguja. Upande wetu huu wa bara, misheni ya Roho Mtakatifu hapo Bagamoyo, iliyoanzishwa mwaka 1868, majengo yake yalibomolewa. Mvua nayo haikuishia pwani. Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta msafiri Livingstone, alipokuwa anarudi alipita Simbamwene, karibu na Morogoro ya leo, akakuta mafuriko ya mto Ngerengere yameusomba mji kwa sehemu kubwa, na alipoingia Bagamoyo tarehe 6 Mei 1872 njia nyuma yake ilikuwa maji na matope.

Tatizo la kumbukumbu hiyo ni umri wake. Aliyeiona hayupo, wala mjukuu wake hayupo. Tufani inayorudi baada ya vizazi vitatu au vinne haimkuti mtu wa kuisimulia, na kila kizazi kinajenga kama kwamba bahari imeapa. Lakini ukitazama pwani nzima badala ya kijiji kimoja, utaona si jambo la mara moja. Aprili 1952 kimbunga kilipiga Lindi. Aprili 2019 Kenneth kilishuka Msumbiji, upande wa pili tu wa mpaka wetu, na watu wa Mtwara na Lindi wakahamishwa kwa tahadhari. Aprili 2021 Jobo kilielekea pwani yetu kikadhoofika kabla ya kufika. Tarehe 4 Mei 2024 Hidaya kikatua Mafia, na boti za Dar es Salaam na Unguja zikasimamishwa. Iangalie miezi hiyo: Aprili, Aprili, Aprili, Aprili, Mei. Ni wakati kaskazi imekwisha, kusi inaanza, masika yameshalowanisha ardhi na mizizi ya miti haina pa kushika.

Sababu ya kuwa nadra huku ni kwamba vimbunga vinahitaji mzunguko wa dunia ili vizunguke, na nguvu hiyo karibu na ikweta ni ndogo mno. Chini ya nyuzi tano hivi kutoka ikweta vimbunga huwa havijiundi. Tanga iko kwenye nyuzi tano na ushei, Bagamoyo sita na nusu, Mafia karibu nane. Tuko ukingoni, basi. Mtu wa ukingoni hafikiwi mara nyingi, lakini akifikiwa huwa hajajiandaa.

Sasa nikueleze upepo wenyewe, maana ukiuelewa utajua kila msumari unafanya kazi gani.

Huku kusini mwa ikweta kimbunga huzunguka kama mishale ya saa. Kikitokea baharini upande wa mashariki kuja kwetu, upepo wa kwanza utakaoupata ni wa kusini. Na hapo ndipo unapojificha: mwezi wa Aprili kila mtu anategemea upepo wa kusini, atasema kusi imeingia mapema. Simama uuelekee upepo uso kwa uso. Kitovu cha tufani kiko upande wa mkono wako wa kushoto, nyuma kidogo ya bega. Kisha fuatilia upepo unageukia wapi. Ukihama kutoka kusini kwenda kusini-mashariki halafu mashariki, kitovu kinapita kaskazini yako, na upepo utasukuma bahari moja kwa moja kwenye nchi kavu. Hiyo ndiyo hali mbaya kuliko zote kwa kiwanja chako. Ukihama kwenda magharibi, kitovu kinapita kusini yako, upepo unatoka bara na bahari itarudi nyuma. Paa litasumbuka lakini maji hayatakufuata. Ukibaki kusini bila kuhama huku ukizidi nguvu, kitovu kinakuja kwako. Utafika wakati upepo ukate ghafla, pengine mbingu zionekane. Watu hutoka kuokota mabati, kutafuta mbuzi, kuangalia ngalawa. Usitoke. Utulivu huo ni wa dakika chache, au ukizidi sana saa moja hivi, kisha upepo unarudi kutoka kaskazini ukiwa na nguvu ileile, na kila kilicholegezwa na upepo wa kwanza unaking'oa wa pili.

Nguvu ya upepo haiongezeki sawasawa na mwendo wake. Mwendo ukizidi mara mbili, nguvu inazidi mara nne. Ukizidi mara tatu, mara tisa. Upepo wa kilomita 40 kwa saa, huu ambao Mamlaka ya Hali ya Hewa hututangazia mara kwa mara kwa ajili ya wavuvi, paa lolote linaustahimili. Wa kilomita 120 unabeba karibu kilo 65 hadi 70 kwa kila mita ya mraba. Bati la mita tatu lenyewe halifiki kilo kumi, na hapo upepo unalivuta kwa zaidi ya kilo mia moja na arobaini. Nimesema unalivuta, sikusema unalisukuma. Upepo unaopita juu ya paa hulinyonya kwenda juu, na mnyonyo mkali zaidi uko kwenye pembe, kwenye ncha za upenu na kwenye kigongo. Kama dirisha la upande wa upepo limevunjika, upepo ulioingia ndani nao unalisukuma kutoka chini. Nguvu hizo mbili zikikutana, paa linaondoka zima na kenchi zake, yaani fremu za mbao zinazolibeba.

Kwa hiyo mwambie fundi hivi, na umsimamie.

Paa liwe la miteremko minne, si miwili. Paa la miteremko miwili linaacha ukuta wa pembetatu kila upande, na huo ndio unaoanguka kwanza. Mteremko uwe wa nyuzi 30 hivi. Mafundi wanapenda kulaza paa ili mabati yatoshe, lakini paa lililolala ndilo linalonyonywa zaidi. Upenu usizidi sentimita 45. Najua jua la huku linataka kivuli, na wewe unataka baraza. Baraza ulipate, lakini paa lake liwe na nguzo zake na mbao zake, lisiwe mwendelezo wa paa la nyumba. Upepo ukiliondoa baraza, liondoke peke yake.

Bati nunua geji 28, usikubali 32, ambalo ni jembamba, hata ukionyeshwa rangi nzuri. Bati jembamba linachanika kwenye kichwa cha msumari, msumari unabaki kwenye ubao na bati linakwenda. Papi, zile mbao zinazopigiliwa bati, ziwe karibu karibu kwenye upenu na kigongo, sentimita 60 zisizidi, katikati ya paa waweza kufika 90. Misumari iwe ya bati yenye kofia pana na mpira, mwili wake uliosokotwa, maana msumari laini unachomoka kadiri bati linavyotikisika. Kwenye mistari miwili ya chini, miwili ya juu na pembeni kote, ipigwe kila mgongo wa bati bila kuruka. Katikati ruka mmoja mmoja. Mafundi wengi wanaruka miwili hadi mitatu kila mahali, kwa sababu hakuna anayepanda juu kuhesabu. Panda uhesabu. Ncha ya msumari ikitokeza chini ya papi, ikunjwe.

Lakini misumari yote hiyo ni bure kama papi haikushikwa na kenchi, kenchi haikushikwa na ubao wa juu ya ukuta, na ubao huo haukushikwa na lenta, ule mkanda wa zege unaozunguka juu ya ukuta. Ni mnyororo; nguvu inashuka kutoka bati mpaka msingi, na inakatikia pale palipo dhaifu. Nyumba nyingi za huku zinakatikia kati ya ubao na ukuta, kwa sababu ubao umelazwa tu juu ya tofali, ukashikwa na uzito wa paa. Wakati wa kumwaga lenta, fundi aache nondo za milimita 8 zimechomoza kila baada ya mita moja hivi, zizungushwe juu ya ubao na kukunjwa. Kila kenchi ifungwe kwenye ubao kwa mkanda wa chuma au waya mnene uliozungushwa mara kadhaa, siyo misumari miwili ya mshazari. Gharama ya nondo na waya hizo ni ndogo sana ukilinganisha na mabati, na ukisubiri nyumba iishe ndipo uzikumbuke, huwezi tena kuzitia bila kubomoa.

Kama fedha haitoshi, jenga kwanza jiko na chumba cha wageni kwa miti na udongo, uezeke kwa makuti. Usiyadharau makuti. Upepo ukizidi, paa la makuti linafunguka kidogo kidogo, linatoa upepo, na linaloruka halimkati mtu. Bati likiruka ni panga. Ila makuti nayo yana kanuni zake: yapangwe kwa kubanana, sentimita 10 hadi 15 kati ya kuti na kuti, kila kuti lifungwe kwenye fito kwa kamba sehemu zaidi ya mbili. Nguzo zichimbiwe sentimita 60 hadi 75, na zipakwe oili chafu sehemu ya chini, kwa kuwa nguzo haivunjiki juu, huvunjika pale usawa wa ardhi ambapo mchwa na unyevu vimeshakula. Kwenye kila pembe ya nyumba tia miti ya mshazari kabla ya kukandika udongo. Bila mshazari, nyumba ya fito inalala upande mmoja yote kwa pamoja. Dhoruba ikitangazwa, nyavu kuukuu za uvuvi zikitandazwa juu ya makuti na kufungwa kwenye vigingi vilivyozamishwa ardhini zinasaidia sana. Usiweke mawe wala matairi juu ya bati, ingawa utaona wengi wanafanya hivyo. Bati likiinuka, jiwe linakuwa risasi.

Niseme juu ya maji, maana kiwanja chako kiko upande wa bahari na hilo linanisumbua kuliko paa.

Bahari huinuka kwa sababu mbili. Hewa ikipungua uzito kwenye kitovu, maji yanapanda, sentimita moja kwa kila hektopaskali moja (kipimo cha uzito wa hewa) inayopungua. Hii si nyingi, nusu mita au zaidi kidogo. Kubwa ni upepo kuyasukuma maji kwenye pwani yenye kina kifupi kama yetu, yanajikusanya yakakosa pa kwenda. Kila kitu kinategemea saa. Huku tofauti ya maji kupwa na kujaa siku za bamvua, yaani za maji makubwa, inapita mita tatu. Bamvua kubwa huja mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, na siku hizo maji hujaa kwenye saa kumi alfajiri na saa kumi jioni. Tufani ikipiga maji yakiwa yamekupwa, au siku za maji mafu ambapo bahari haijai sana, unaweza kuponea. Ikipiga saa kumi jioni ya bamvua, maji yanaanzia pale ambapo kwa kawaida yanaishia. Kwa hiyo tangazo likitoka, angalia mwezi pamoja na tangazo.

Kabla ya kuchimba msingi, tembea na wazee wawili watatu wa mtaa, si mmoja. Usiwaulize kama kulikuwa na kimbunga, watakuambia hapana. Waulize maji ya bamvua kubwa kuliko zote waliyoyaona yalifika kwenye mti gani. Waulize kisima kipi kiligeuka chumvi na kilikaa hivyo misimu mingapi. Waulize masika maji yanatuama wapi na yanatokea njia gani kwenda baharini, kwa sababu njia hiyo ndiyo bahari itakayoingilia. Pwani yenyewe inahama: Kaole palikuwa na bandari zamani, leo mbele ya magofu ni mikoko. Halafu sakafu yako iinue mita moja juu ya alama ya juu kabisa waliyokuonyesha. Na ile mikoko mbele ya kiwanja, usimruhusu mtu aikate kwa ajili ya kuona bahari vizuri. Mizizi ya mkoko inavunja nguvu ya wimbi kabla halijakufikia, na kuikata bila kibali ni kosa kisheria hata kama hakuna anayekuona.

Minazi iliyo karibu na nyumba: ule uliopinda kuelekea paa uondoe sasa, na mingine angua nazi na makuti makavu kila mwezi Machi. Mwembe mkubwa ni hatari zaidi ya mnazi, maana mnazi unainama na upepo, mwembe unapokea upepo wote kwenye majani. Punguza matawi, usikate shina.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa angalizo, kisha tahadhari, kisha tahadhari kubwa. Rangi zake ni njano, machungwa na nyekundu. Wakati wa njano vyombo vitoke majini. Ngalawa ivutwe mpaka juu ya alama ya bamvua, ishushwe mlingoti na tanga, ijazwe maji ili iwe nzito. Mashua isiyovutika ipelekwe ndani ya mkondo wa mikoko, ifungwe kwa kamba nne au zaidi kwenye miti tofauti, kila kamba iachwe na urefu wa kutosha maji yakipanda mita mbili, na pale inaposuguana na ubao izungushiwe gunia. Anayebaki na nanga atoe kamba mara saba ya kina, na asihesabu kina cha sasa, ahesabu cha maji yakiwa yamejaa. Mashine ya boti ifunguliwe ipelekwe nyumbani. Mwani uliokaribia wiki sita uvunwe hata kama haujakomaa vizuri, na kamba zikusanywe. Mawimbi yatang'oa vigingi, na hata yakikosa, maji ya mvua yatapunguza chumvi na mwani utaoza.

Wakati wa rangi ya machungwa jaza maji safi kwenye madumu, lita nne kwa mtu kwa siku kwa kunywa na kupika, siku tano. Kitambulisho, kadi za kliniki za watoto na karatasi za kiwanja vitie kwenye mfuko wa plastiki na uufunge. Kuni kavu na kiberiti viwe ndani. Nyekundu ikitoka, hamieni kwenye jengo la tofali na lenta lililo juu, shule au msikiti, mchana kweupe kabla mvua haijaanza. Usipite kwenye maji yanayotembea: sentimita 15 tu za maji ya kasi zinaweza kumwangusha mtu mzima. Namba ya dharura ni 112, ya Zimamoto 114, lakini upepo ukishapamba moto hakuna gari litakalokuja.

Baada ya tufani watu hukimbilia paa. Anza na kisima. Kilichoingiwa na bahari usikikaushe kwa pampu kwa pupa. Ukivuta maji mengi kwa haraka unaivuta chumvi ya chini ipande juu, na kisima kinaharibika kwa muda mrefu zaidi. Teka kidogo kidogo, onja baada ya kila mvua, na maji yote ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote. Vyoo vya shimo vikifurika, kipindupindu kinaweza kufuata ndani ya siku chache.

Kisha minazi iliyoanguka. Iliyo mizima ipasuliwe mbao mapema. Inayobaki ichomwe. Ukiiacha ioze shambani, chonga, yule mdudu anayetoboa minazi, anazaa ndani ya magogo, na kizazi chake kinapanda kula mioyo ya minazi iliyosalimika. Mnazi wetu mrefu unachukua miaka sita hadi kumi kuzaa, kwa hiyo mkimwacha chonga aingie mtapoteza mara ya pili shamba lilelile.

Nitumie vipimo vya kiwanja na picha ya mchoro wa paa kabla hujamlipa fundi awamu ya pili. Lenta isimwagwe mpaka nimeona nondo zimechomoza. Mwambie nitakuja mwenyewe, inshallah, na futi ya kupimia.

Wasalimie wote nyumbani kwako.

Ni mimi baba yako,
Mlingotini, Bagamoyo